Mzee anashika kanzu, mtoto anataka suti, na safari ni moja

Dada mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Chumbageni hapa Tanga na mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, yuko Uingereza miaka mingi sasa na huko ndiko alikooa. Mkamwana ni Mwingereza, alisilimu kabla ya ndoa, na ndoa ilifungwa huko huko. Sisi tuliishuhudia kwenye simu, picha zikigandaganda. Ni binti mwenye adabu. Hunipigia mwenyewe hata mumewe akiwa kazini, na Kiswahili chake cha kuungaunga kinanipa raha. Wazazi wake hatujapata kuonana nao hata siku moja.

Sasa wametuandalia safari ya meli ya kitalii. Tutakuwa sisi wawili, wao wawili na wazazi wa mkamwana. Meli inaondoka Southampton, inakwenda Norway kwenye zile ghuba nyembamba zilizobanwa na milima, na inarudi baada ya siku saba. Malipo ya awali yameshatolewa. Nilipoambiwa nililia kwa furaha. Mume wangu amefanya kazi bandarini maisha yake yote, alikuwa karani enzi zile meli zinatia nanga huko nje na mizigo inaletwa gatini kwa matishari, lakini hajapata kusafiri na meli kubwa hata moja.

Tatizo limekuja na mavazi. Mwanangu alinitumia ujumbe kwamba katika siku hizo saba kuna jioni mbili rasmi. Wanaume huvaa lile koti jeusi la jioni na tai ya kipepeo, au kwa uchache suti ya rangi iliyoiva na tai. Wanawake huvaa magauni marefu. Akaongeza: "Mama, naomba umwambie baba, kanzu hapana. Si kwa ubaya. Nawajua hawa watu." Kwangu aliandika kwamba baibui ni sawa mchana, ila jioni hizo mbili "tujitahidi".

Nilimfikishia mzee maneno hayo kwa upole wote nilionao. Alinyamaza, akamaliza chai yake, kisha akasema: "Nimehudumia meli za kila taifa bandari hii, hakuna iliyoniuliza nimevaa nini. Kanzu niliyovaa nikiwaoza mabinti zangu, kanzu ninayokwenda nayo Ijumaa, ndiyo itakayomwaibisha mwanangu mbele ya wakwe zake?" Tangu siku ile hataki kusikia habari ya safari. Mwanangu akipiga simu, mzee anasema ana shughuli. Na viatu pia ni kesi. Mzee ana sukari, miguu yake haipendi kufungwa, makubadhi ndiyo kiatu chake. Mimi ndiye ninayepeleka maneno huku na huku, na kila ninapoyapeleka nayapunguza makali, hata sijui tena nani amesema nini.

Kuna la pili, na hili sijamwambia mtu. Mkamwana alimpa mtu aliyekuwa anakuja Tanzania kifurushi changu. Ndani mlikuwa na gauni la bluu iliyoiva, refu hadi chini, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, kifuani kimetiwa shanga ndogondogo kwa mkono. Mikono inaishia juu ya kiwiko na shingo iko wazi kidogo. Mlikuwa na karatasi inayosema amelichagua yeye na mama yake. Usiku, mzee alipokwenda msikitini kuswali isha, nilifunga mlango nikalivaa. Dada, lilinikaa. Nilijigeuzageuza mbele ya kioo kama msichana. Nimevaa baibui tangu nilipovunja ungo na sina nia ya kuliacha, lakini sisemi uongo, gauni lile nalitaka. Halafu nikawaza: mzee anapigania kanzu yake, na mimi huku najipamba kwa gauni la wakwe. Si nitakuwa nimemwacha peke yake?

Wadogo zangu nao wana yao. Mmoja anasema ukienda kwa watu fuata ya watu. Mwingine anasema mtoto anayeona haya kwa kanzu ya baba yake leo, kesho ataona haya kwa jina lake. Siku ya kulipa salio inakaribia. Nimbembeleze mzee avae suti? Nimwambie mwanangu kwamba hatuji? Au niende peke yangu?

Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam dada yangu. Pole sana, maana kukaa katikati ya mume na mwana ni kazi inayochosha kuliko kazi yoyote uliyostaafu nayo.

Nimeisoma barua yako nikaitua, nikairudia. Umeileta kama habari ya nguo, na nguo zimo kweli. Ila naona kuna mambo kadhaa yaliyofungwa kwenye furushi moja: meli inataka nini, mwanao anaogopa nini, mzee anakataa nini hasa, na wewe unatamani nini. Yakikaa pamoja hivyo hayana jibu. Tuyafungue taratibu.

Tuanze na meli, kwa kuwa huko ndiko kwenye majibu yaliyoandikwa. Katika barua yako yote, katazo la kanzu limetoka kinywani mwa mwanao. Hujaniambia kwamba kuna yeyote kati yenu aliyesoma maelezo ya kampuni yenyewe. Kampuni hizi huandika masharti yao ya mavazi waziwazi, na hazifanani. Cunard ya Uingereza, ambayo ni miongoni mwa zinazoishikilia sana desturi hii, huziita jioni hizo Gala, na kuanzia saa kumi na mbili jioni mwanamume hutakiwa awe na koti la jioni au suti ya rangi iliyoiva na tai. Lakini kampuni hiyo hiyo inakubali pia vazi rasmi la kitaifa na sare za kijeshi. Ndiyo maana Mskoti huingia ukumbini na kilt yake, ile sketi ya kitaifa ya wanaume wa kwao, magoti nje, na akahesabiwa kuwa amevaa ipasavyo kabisa. Upande wa pili iko Norwegian Cruise Line yenye makao Miami, ambayo tangu mwaka 2000 ilijijengea jina kwa kuachana na jioni za lazima za namna hii. Meli yenu iko mahali fulani kati ya hizo mbili, na mahali hapo pameandikwa kwenye masharti ya safari ambayo mwanao alitumiwa alipolipa.

Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake na kofia ya viua ni vazi ambalo wanaume wa pwani hii huvalia nikaha na Idi, mbele ya masheikh na mbele ya viongozi wa serikali. Ni kweli mjadala wa vazi la taifa hapa kwetu umekuwapo miaka mingi, na mtu akitaka ubishi atasema kanzu ni ya pwani tu. Lakini ubishi huo ni wetu wenyewe. Kwa kipimo cha urasmi, sioni kanzu inapungukiwa na nini.

Ambacho kingenitia wasiwasi zaidi kuliko kanzu ni hayo makubadhi. Meli nyingi hazitaki viatu vya wazi kwa wanaume kwenye ukumbi mkuu wa chakula cha jioni. Huweka katazo hilo fungu moja na kaptula, fulana na zile kofia za michezo zenye ukingo wa mbele. Basi yawezekana kanzu ikapita na makubadhi yakazuiwa mlangoni, na mzee akaamini kuwa amekataliwa kwa ajili ya kanzu. Hata kofia ya viua iulizieni mapema, kwa sababu anayesimamia mlango anaweza kuwa kijana asiyewahi kuiona, anayejua tu kwamba kofia haziruhusiwi mezani. Kuuliza si kazi kubwa. Mzee apigwe picha amevaa kamili, kanzu, koti na kofia, mkamwana aitume kwa kampuni kwa barua pepe na kuuliza kama vazi hili linafaa jioni rasmi. Jibu likija kwa maandishi, litunzwe kwenye simu ya mwanao. Naomba aulize mkamwana, na sababu yake nitaifikia.

Ujue pia kwamba jioni mbili katika saba ni sehemu ndogo ya safari. Kwa kawaida hupangwa siku ambazo meli inashinda baharini, ili watu wasirudi wamechoka kutoka nchi kavu na kuanza kukimbizana na tai. Usiku wa kwanza na wa mwisho kwa desturi huwa huru. Hilo limetoka enzi za meli kubwa za abiria, ambapo usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa na wa mwisho yalikuwa yameshafungwa. Na hata jioni zenyewe, meli huwa na ukumbi mwingine wa kujipakulia, ambako mtu hula kwa nguo zake za kawaida za heshima na hadaiwi nyongeza. Kwa hiyo hakuna atakayelala na njaa kwa sababu ya vazi.

Sasa mwanao. Umeyapokea maneno yake kama ya mtu anayemwonea haya baba yake, na mzee ameyapokea hivyo hivyo. Inawezekana ni hivyo. Watoto wetu wanaweza kutuonea haya na bado wakatupenda, na ukweli huo unauma. Lakini hayo maneno "nawajua hawa watu" yamenisimamisha. Hayo husemwa na mtu aliyeona kitu. Huenda aliwahi kuvaa kanzu yake mahali akatazamwa, akasikia neno, akalimeza na asiwahi kuwasimulia. Huenda anaogopa baba yake ataulizwa swali la kipuuzi mezani na yeye atashindwa kumkinga mbele ya mke wake. Hofu ya namna hiyo, ukiitazama ukiwa Tanga, inafanana sana na aibu. Ungemuuliza, kabla ya lolote kuhusu suti: "Mwanangu, ulikutwa na nini?" Halafu umwache aseme, usimsaidie kumaliza sentensi.

Tena dada, hebu angalia walivyofanya wakwe wenyewe. Katika barua yako hawajasema neno hata moja baya. Jambo moja tu unalolijua kwa hakika kuhusu mama mkwe mwenzio ni kwamba alitoka na binti yake kwenda dukani akamchagulia gauni mwanamke asiyewahi kumwona, na akakisia mwili wake vizuri. Huyo ndiye ambaye mwanao anamwita "hawa watu"? Labda anawajua wengine, na amewachanganya na hawa. Na mkamwana wako, ameulizwa? Nimesema aandike yeye kwa kampuni kwa sababu pengine ndiye pekee katika familia hii asiye na jeraha juu ya kanzu. Huenda hata hajui kwamba kuna mgogoro.

Nije kwa mzee. Nimeyarudia maneno yake uliyoyaandika, na sikuona mahali aliposema hatasafiri. Aliuliza swali. Aliuliza kama kanzu yake itamwaibisha mwanawe, na tangu siku ile hakuna aliyemjibu. Wewe huwezi kumjibu, si swali lako. Ni la mwanao, na linahitaji sauti yake mwenyewe. Umekuwa tarishi kwa moyo safi kabisa, ukiyapunguza makali maneno ya kila mmoja ili yasimchome mwenzake, lakini matokeo yake mzee hajawahi kumsikia mwanawe akihangaika, na mwanao hajawahi kumsikia baba yake akiumia. Ninashauri siku moja mwanao akipiga, umpe mzee simu, useme "mwanao anataka kukuuliza jambo," uondoke ukafanye kazi nyingine. Hatari yake naijua: wanaweza kukwaruzana. Lakini ukimya wa sasa nao unakwaruza, tena kila siku.

Na kuna jambo jingine ambalo huenda mzee hajalitaja. Kwenye meli hizi jioni rasmi mara nyingi huambatana na mapokezi ya nahodha, wahudumu wanapita na sinia za mvinyo, na mezani wakwe huenda wakaagiza wao. Mtu wa msikitini anaweza kuona uzito mkubwa kukaa meza moja na pombe, kuliko hata uzito wa kuvua kanzu, na akashindwa kulisema mbele ya mtoto aliyemlipia safari. Kanzu inakuwa neno rahisi zaidi la kushikilia. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mzee wako. Nasema muulize, mkiwa wawili tu, saa ambayo hana haraka. Kama ndilo hilo, dawa yake ni tofauti kabisa na suti: mwanao azungumze na wakwe meza yenu iwe ya juisi na maji kwa jioni hizo, au mle mapema mkiwa wawili na kuwafuata wengine baadaye. Watu waliokubali binti yao asilimu si mara ya kwanza kusikia habari hii. Chakula nacho kisingoje mkishapanda. Mwanao aiarifu kampuni mapema kwamba mnataka halali, kwa sababu jikoni huandaa kwa oda.

Tufike kwenye gauni lako. Umeliandika kwa furaha, mpaka nikaliona. Kisha ukajitia hatiani kabla hujashtakiwa. Unadhani ukilipenda umemwacha mzee. Lakini mzee hajui hata kama gauni lipo. Hukumu umeitoa wewe kwa niaba yake. Sisi wanawake wa pwani hatuna ugeni na mapambo. Kwenye harusi zetu, baibui likivuliwa, yanaonekana mambo ambayo meli hiyo haijayaona. Na sare tunazijua: bibi harusi akitangaza kijani, tunanunua kijani, fundi anashona, hakuna anayesema amedharauliwa, na bado shangazi mtu mzima akija na lake analolipenda, anapewa kiti cha mbele. Kwa hiyo sidhani kwamba kuambiwa uvae hivi jioni fulani ni tusi peke yake. Tusi huja pale mtu anapoambiwa kwamba alivyo hafai. Mwenyewe utajua lipi kati ya hayo mawili lilikugusa uliposoma neno "tujitahidi".

Tofauti ya meli na harusi zetu ni kwamba ukumbini watakuwapo wanaume, na najua hilo ndilo linalokusumbua kwenye mikono na shingo. Fundi mzuri wa Ngamiani anaweza kulimaliza bila kuligusa gauni lenyewe. Mwambie asilikate wala asiongeze mikono kwenye gauni, maana zile shanga zimeshonwa kwa mkono na akitatua uzi mmoja zinaweza kumwagika zote. Ashone joho jepesi la shifoni la bluu ile ile, la mikono mirefu, lililo wazi mbele ili shanga zionekane, na ndani uvae nguo nyepesi ya kubana inayofunika shingo. Ushungi wa hariri wa rangi ya fedha au wa bluu hiyo hiyo utakaa vizuri juu yake. Chukua gauni lenyewe kwa fundi, usipeleke picha, kwa sababu bluu ya kwenye simu haifanani na ya kitambaa. Joho hilo litakufaa pia kwa baridi, maana huko Norway hata majira ya joto jioni hupoa. Na kama moyo wako utasema hapana, baibui la hariri nyeusi lililodariziwa vizuri ni vazi refu la jioni, na sioni sababu ya kulionea haya ukumbi wowote.

Umeniuliza umbembeleze mzee avae suti. Waweza. Kuna wanaume wa kwetu wanaovaa suti bila kuona wamepoteza kitu, na baadhi ya meli hukodisha makoti hayo ya jioni, kwa hiyo si lazima kununua. Kama mzee anapenda habari za kale, mwambie kwamba koti hilo lenyewe lilianza kama vazi la kupunguza urasmi. Fundi wa London, Henry Poole, alimshonea mtoto wa Malkia Victoria koti fupi mwaka 1865 ili apumzike na lile refu la nyuma. Lakini kuna kuvaa kwa kupenda na kuvaa kwa kuchoshwa na maneno. Jioni hizo wapiga picha wa meli hujipanga kwenye ngazi na kumbi, na picha huuzwa. Mwanao atazinunua, na mtaitundika moja sebuleni. Mfikirie mzee akikaa chini ya picha hiyo kila siku. Akiwa amevaa suti kwa hiari yake, atacheka na kuwaonyesha wageni. Akiwa amelazimishwa, nyote mtaiona kwenye uso wake.

Akivaa kanzu na kampuni imeridhia, bado mwanao anaweza kukaa mezani amekakamaa, akiangalia meza za jirani badala ya kula. Hiyo ni gharama pia, na ndiyo sababu mazungumzo yao yanatakiwa yaje kabla ya meli. Mkichagua ukumbi wa kujipakulia kwa jioni hizo mbili, hakuna anayebadilisha nguo na hakuna anayeshindwa. Ila wakwe wasioambiwa sababu wanaweza kufikiri mmewakwepa, na gauni lako litabaki sandukuni. Unaweza pia kugawa, jioni moja ukumbi mkuu na moja kule kwingine, mwone mzee anajisikiaje.

Kwenda peke yako, sitakuficha, ndiyo njia ninayoiogopea zaidi. Si kwamba huna haki. Una haki ya kuona dunia. Lakini utakwenda na kiti kitupu pembeni yako, na wakwe watauliza. Hata hivyo kama mzee mwenyewe, baada ya kuzungumza na mwanawe, atakwambia kwa moyo mkunjufu "nenda ukanisimulie," hiyo ni habari nyingine. Kutokwenda kabisa nako kuna bei yake kwa fedha: kampuni nyingi hudai salio miezi kadhaa kabla, na baada ya hapo anayejitoa hukatwa kiasi kinachopanda kadiri safari inavyokaribia. Muulize mwanao tarehe kamili, ili muamue mkiwa na nafasi badala ya kusukumwa.

Jambo ambalo sikuliona kwenye mipango yenu, na ambalo lingenituliza mimi kama ningekuwa wewe, ni mahali pa kuonana na wakwe kwa mara ya kwanza. Ilivyo sasa, mnaweza kukutana nao mkiwa mmevaa rasmi, kwenye ukumbi wa mataa, wahudumu wamesimama nyuma ya viti, na uma wa aina tatu mezani. Hapo hata mtu asiye na wasiwasi atapata wasiwasi. Kwa nini msifike siku mbili tatu mapema, mkala nyumbani kwa mwanao, mzee na kanzu yake ya kawaida, wewe na dera lako, baba mkwe na sweta lake? Mpike nyinyi, kama mkamwana ataruhusu jiko lake. Mtu aliyekwisha kula wali wako hawezi kuiona kanzu ya mumeo ukumbini akashangaa. Na mwanao naye atapata kuona kwa macho yake kama hofu yake ilikuwa na msingi.

Viza zianzeni mapema. Ya Uingereza ni mbali na ya Norway, ambayo iko ndani ya Schengen, utaratibu wa viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya, na kwa kuwa mtatoka Uingereza na kurudi, hakikisheni ya Uingereza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Bima ya safari itaje sukari ya mzee. Ugonjwa usiotajwa unaweza kuwanyima malipo yote.

Na viatu, dada, hivyo visingoje uamuzi wa kanzu wala suti, maana vitahitajika kwa lolote mtakalochagua. Mzee apate viatu vyeusi vya kufunika, vya ngozi laini, vipana mbele, avinunue jioni wakati miguu imejaa kidogo, na aanze kuvivaa ndani ya nyumba nusu saa kwa siku, umkague vidole na visigino kila anapovivua. Kwa mwenye sukari, lengelenge dogo baharini ni jambo kubwa, na daktari wake pale hospitali ya Bombo aelezwe kabla hamjaondoka. Jibu la kampuni likija niandikie, hasa watakavyosema kuhusu kofia.